Godoro la Chumba cha Wageni

Wiki iliyopita nilirudisha ofisini utepe wa kupimia, kofia ya plastiki, na ufunguo wa kabati ambalo halikuwahi kufungika. Karani wa stoo akanipa karatasi nitie saini kwamba nimevirudisha. Miaka kumi na minane nimewasainisha watu kwenye orodha za vitu vyao. Zamu yangu ilipofika nilisoma kila mstari mara mbili, kama walivyokuwa wakifanya wao, na karani akaguna kama nilivyokuwa nikiguna mimi.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie machache ya kazi. Cheo na mshahara sitavitaja. Cheo kilipanda polepole na mshahara ukakifuata kwa mbali, basi. Naondoka nina miaka arobaini na sita. Kwa hesabu za serikali ni mapema. Kwa hesabu za magoti yangu nimechelewa. Ngazi za Muscat nimezipanda zote, na nyingi nilizipanda kumfuata mtu aliyeniambia, "Dada, huko juu hakuna kitu."

Kuhama nimezaliwa nako. Nilizaliwa Tabora, nikaanza shule Unguja, nikamaliza sekondari hapa. Tangu tufike nimekaa Ruwi, Al Khuwair, Seeb, na mara mbili Mawaleh. Mume wangu husema akirudi kazini hutazama kwanza pazia, ajue kama bado ni kwetu. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kampuni ya kuhamisha mizigo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilijiambia hii ndiyo kazi: nihamehame kila siku, na jioni nirudi kwangu.

Ofisi ilikuwa Wattaya, imebanwa kati ya maduka mawili ya magari mapya. Ghala lilikuwa Mawaleh, karibu na soko la mboga. Nyumba nzima za watu zimekwenda Kanada na Australia zikinukia vitunguu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika barua kulalamika. Nadhani walidhani ndiyo harufu ya Oman.

Waliniajiri kwa sababu nilijua Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha, na kwa sababu mwanamke huruhusiwa kufungua makabati. Kazi ya mkaguzi ni hiyo. Unakwenda kwenye nyumba kabla ya wafungaji, unatazama kila kitu, unakadiria kwa macho kitajaza futi ngapi za ujazo, halafu unaandika orodha. Siku yangu ya kwanza nilikagua nyumba ya daktari mmoja Qurum. Nikahesabu vyumba vyote, nikaandika vizuri, mwandiko wa shuleni. Asubuhi ya kufunga, msimamizi wa wafungaji akanipigia simu.

"Zuwena binti Seif?"

"Naam."

"Hapa darini kuna vitabu vya kujaza chuo. Uliviandika wapi?"

"Sikujua kama kuna dari."

"Nyumba bila dari umeiona wapi, mwanangu? Tabora?"

Huyo alikuwa Ami Khalfan. Nilimwita Ami kwa kuwa alikuwa rika la baba yangu, na yeye kwa miaka yote hakuacha kunikumbusha kwamba mimi ni wa bara. Yeye alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na kwake kila kosa lilikuwa na asili yake bara. Siku ile alikodi lori la pili, na nilipofika akanipa kikombe cha kahawa nimekaa juu ya katoni, na akaniambia sharti la kwanza: ukifika kwenye nyumba, anza na mahali ambapo mwenyewe hataki kukupeleka.

Ami hakuandika kitu, lakini alikuwa na masharti yake, na mimi nawapa nyinyi kama nilivyopewa. Vitabu vitie kwenye katoni ndogo, mito kwenye kubwa. Anayefanya kinyume atakuja kubeba mwenyewe. Sahani zisimame, zisilale. Usifunge pasipoti ya mtu. Kila mwezi kuna mtu anayefunga pasipoti yake mwenyewe, akaanza kuitafuta kontena likiwa Bandari ya Sultan Qaboos. Katoni ya mwisho kuingia ni ya birika, vikombe, sukari na balbu moja, na iandikwe "Fungua Kwanza", kwa sababu mtu akifika ugenini akapata chai yake, mengine atayavumilia.

Na mawili ya juu ya yote. La kwanza: orodha ni kiapo. Kilichovunjika andika kimevunjika, kizima andika kizima, hata mwenye mali akikubembeleza. La pili ni sitara. "Sisi tunaona yote," alikuwa akisema. "Chupa chini ya kitanda, barua kwenye mtoto wa meza, mke na mume wanaolala vyumba viwili. Mfungaji ana macho ya kuhesabu. Macho ya kuona ayaache kwake." Miaka mingi sikujua kama masharti hayo mawili yanaweza kugombana.

Mambo ya kodi niliyajifunza majikoni mwa watu. Ukikagua jiko, mwenye nyumba anasimama mlangoni, hana la kufanya, anaongea. Zama zile kampuni ya kigeni ilitozwa kodi zaidi kuliko ya wenyeji, na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na maeneo huru wasikotozwa. Kila mara kampuni moja ilikunja ofisi ikaenda huko. Mabwana walikuwa wakinieleza kwa furaha jinsi kampuni itakavyookoa fedha, na wake zao nyuma yao walikuwa wakinionesha kwa macho mti wa ndimu waliopanda wenyewe. Mti wa ndimu hauingii kwenye orodha. Nikaelewa kwamba kampuni huhama kwa hesabu ya mtu mmoja, na wanaolipa ni wengine.

Sasa niwaeleze ile kesi ambayo huwa mnaniuliza, maana nusu mmeisikia kwa madereva na madereva huongeza chumvi.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilipelekwa nyumba moja Madinat Qaboos. Mteja wetu alikuwa kampuni ya Kimarekani ya pampu za maji, nayo ilikuwa ikimrudisha kwao mhasibu wake mkuu, Bwana Martin, aliyekaa hapa miaka minane. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kupanga kalamu zake kwa urefu. Nyumba ile ile alikaa Bwana Devid, mwalimu wa lugha, aliyewahi kufundisha Tanga ujanani na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu.

Kwenye karatasi za kampuni, Devid alikuwa mpangaji wa chumba cha wageni. Kampuni ingelipia mizigo ya Martin peke yake, na mpangaji ajigharimie. Kwa hiyo nilitakiwa kuandika orodha mbili.

Nilianza sebuleni. Palikuwa na zulia jekundu la Nizwa.

"La nani hili?"

"Langu," akasema Martin.

"Langu," akasema Devid papo hapo.

Wakatazamana. Martin akasema, "La Devid." Devid akasema, "La Martin, andika la Martin." Tukaenda hivyo mpaka mchana. Dele la kahawa, la nani? Kiti cha kamba? Picha ya jabali la Mutrah? Kila nikiuliza walikuwa wakijibu polepole zaidi, na mimi nikawa naona haya kuuliza, kama mtu anayekata nguo nzima kwa mkasi. Nimekwisha gawa vitu vya watu waliotalikiana. Wale angalau kila mmoja hutaka kitu. Hawa kila mmoja alitaka mwenzake apewe.

Nilikuwa nimeelewa tangu zulia. Mimi ni Muislamu, nasali, na hapa kwetu jambo hilo halisemwi na sheria inalikataza. Siandiki haya nimfundishe mtu dini yake. Naandika kazi. Nyumbani mwa watu umepokewa kwa kahawa na tende, na sitara ni sitara.

Devid ndiye aliyenieleza jikoni, kwa Kiswahili, wakati Martin yuko kwenye simu. Makao makuu ya kampuni yao yalikuwa jimbo la Massachusetts, kaskazini. Huko, alisema, watu kama wao wameruhusiwa kuandikishana serikalini kama mke na mume, na walikuwa wakingoja kurudi. Lakini kampuni ikaamua kuhamia Texas, kusini, kwa kuwa huko kodi ya biashara ni ndogo. Texas ndoa yao ingekuwa karatasi tupu, na mtu angeweza kufukuzwa kazi kwa hilo tu na sheria ya jimbo isimtetee.

"Nchi moja," nikasema.

"Nchi moja, dada Zuwena. Kila jimbo na lake. Na unajua nani aliyepiga hesabu ya kodi, akaandika ripoti kwamba Texas ndiyo nafuu?" Akaonesha kwa kidevu kule sauti ya simu inakotoka. "Mwenyewe. Kazi safi kabisa. Walimpongeza."

Mpango wao ulikuwa waendelee kama walivyozoea hapa: mwenye nyumba na mpangaji. Walikwisha fanya miaka minane, watafanya minane mingine. Ila karatasi zisije zikasema zaidi.

Asubuhi ya kufunga, Ami Khalfan alikuja na wafungaji wake watatu, Wahindi watu wazima wa Kerala wenye wajukuu. Martin alikuwa ofisini akikabidhi mafaili. Devid alikwenda kutununulia birian. Mimi nikaingia chumba cha wageni kumalizia orodha ya mpangaji.

Kitanda kilitandikwa shuka ya buluu, imenyooka kama bahasha. Nikaivuta ili niandike hali ya godoro, maana kila kitu lazima kiandikwe hali yake. Godoro lilikuwa ndani ya nailoni ya kiwandani. Haijafunguliwa. Bei ya duka bado imebandikwa pembeni, wino umefifia.

Nikaandika kama nilivyofundishwa: Godoro, moja, jipya, halijatumika. Halafu nikakaa kwenye kiti.

Orodha zote mbili zingekwenda makao makuu, wahakikishe hawamlipii mpangaji, na kule idara ya utumishi kulikuwa na bibi mmoja aliyesoma mpaka mstari wa mwisho. Aliwahi kuniuliza kwa barua kwa nini mtu mmoja ana pasi mbili za nguo. Huyo angefika kwenye godoro la mpangaji aliyekaa miaka minane, godoro lisilotolewa nailoni, na angejiuliza mpangaji alikuwa akilala wapi. Mstari wangu wa kweli ungemtoa Martin kazini.

Nikamwita Ami. Akaja na kalamu sikioni, akatazama kitanda, akatazama orodha, akanitazama mimi.

"Nani alikwambia ulifunue?"

"Si wewe? Anza na mahali mwenyewe hataki kukupeleka."

"Hm. Umeandika halijatumika."

"Ndiyo kweli, Ami. Niandike uwongo?"

"Audhubillahi. Uwongo hatuandiki." Akatoa kisu chake, akaikata nailoni kutoka kichwani mpaka miguuni kwa mkupuo mmoja, akaivuta, akaikunja vizuri akaitia kapuni. Halafu akavua viatu, akapanda, akalala chali, mikono kifuani.

"Ami!"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba kasorobo."

"Adhuhuri tumekwisha sali. Huu wakati wa kailula, na kailula ni sunna. Koya! Njoo hapa, pana nafasi. Waite na wenzio."

Koya, mfungaji wake mkuu, akachungulia mlangoni, akauliza kwa Kiarabu cha kazini kama mzee mgonjwa. Alipoelezwa kwamba ni amri, hakubishana. Wakalala watatu, wa nne akaegemeza kichwa na mgongo kwenye ukingo. Baada ya dakika tano Ami alikuwa akikoroma, na Koya akikoroma kwa sauti ya chini, kama wanaitikiana. Mimi nikakaa kitini nikilinda, orodha mapajani.

Devid akaingia na mifuko ya birian.

"Dada Zuwena, vijiko..." Akasimama.

Ami akafungua jicho moja. "Usitupigie kelele. Tupo kazini."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Godoro zuri, bwana. Gumu kidogo."

Devid akaniangalia, akaiona nailoni kapuni, akaiona kalamu mkononi mwangu. Niliona yanavyomfikia moja moja. Akacheka, akacheka mpaka akaweka mifuko chini, halafu kicheko kikamgeukia, akakaa sakafuni akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi, basi," Ami akamwambia, akiinuka na kutafuta viatu. "Mtu halii mbele ya birian. Zuwena, andika."

Nikafuta, nikaandika: Godoro, moja, limetumika. Na ilikuwa haki ya Mungu.

Martin alirudi alasiri, tumekwisha funga jiko na sebule. Ada yetu ni kumsomea mteja orodha, ukurasa kwa ukurasa, kisha atie saini. Tukakaa juu ya katoni, yeye na Devid mbele yangu, Ami akipiga tepu pembeni. Nikasoma ya Martin, akatia saini. Nikasoma ya Devid. Nilipofika "godoro, chumba cha wageni, limetumika," Devid akaanza kutetemeka mabega.

"Kuna nini?" Martin akauliza.

Devid akamweleza kwa Kiingereza, huku akiigiza koromo. Nilidhani Martin atacheka. Hakucheka. Akageuka akamtazama Ami, aliyekuwa amepiga magoti akifunga miguu ya meza, mzee wa miaka sitini mwenye jasho mgongoni.

"Wote wanne?" akaniuliza.

"Wote wanne."

Akasema taratibu, nami nikamfasiria Ami, kwa hiyo maneno nayakumbuka vizuri. "Watu wanne wamelala mchana kweupe kwa ajili yangu. Na mimi tangu juzi nimeshindwa hata kusema zulia ni la nani."

Ami akasema bila kuacha tepu, "Mwambie zulia ni la nyumba. Vitu vyote ni vya nyumba. Watu ndio wanaovigawa."

Nikamfasiria. Martin akaomba tumpe siku moja, kontena lisiondoke. Nikamwambia siku ya kontena ina gharama. Akasema, "Hesabu mimi nazijua, bibi."

Kesho yake walikuja wawili Wattaya, ofisini. Martin alikuwa hajalala, lakini amenyoa. Alikuwa amemwandikia mkubwa wake barua ya kuacha kazi.

"Niliipigia kampuni hesabu ya kodi," akaniambia. "Jimbo kwa jimbo. Ya nyumba yangu sikuipiga. Texas ni rahisi kwa kampuni. Kwangu mimi ni ghali."

Angekwenda Massachusetts bila kazi, na mizigo ajilipie mwenyewe.

"Basi kontena nilielekeze Boston," nikasema, "na orodha mbili..."

"Moja."

"Kwa jina la nani?"

Wakatazamana tena kama siku ya zulia, ila safari hii hakuna aliyejibu polepole. "Majina mawili," akasema Martin.

Nikaandika upya, kurasa kumi na moja, bila kuuliza hata mara moja "ya nani". Bandarini hakuna aliyeshughulika. Kwao majina mawili ni saini mbili tu. Aliyechukia alikuwa mmoja. Nilipompigia simu Ami kumpa habari, alisema, "Yaani ameacha kazi? Orodha haiendi kwa yule bibi?"

"Haiendi."

"Sasa lile godoro tumelilalia bure!"

"Ami, ulikoroma robo saa nzima."

"Kwa ajili ya kazi!"

Katoni ya "Fungua Kwanza" aliifunga mwenyewe. Alitia birika, vikombe viwili, sukari, balbu, na pakiti ya karafuu kutoka kwao Unguja, ambayo haimo kwenye orodha. Ni mara moja tu niliyomwona akivunja kiapo.

Martin alikaa karibu mwaka bila kazi ya maana, kisha akapata ndogo katika halmashauri ya mji wao, kukadiria kodi za maduka. Devid aliniandikia kwamba mshahara ni nusu ya zamani, na kwamba waliandikishana asubuhi ya Jumatano, kwenye ofisi yenye foleni kama ya leseni za magari. Hakuna aliyewatazama mara mbili. Alisema hilo la kutotazamwa ndilo lililomfurahisha kuliko yote.

Kila Idd wananiletea kadi, nami kwa miaka mitatu nimejibu kwamba nitakuja nikipata nafasi. Wiki iliyopita, baada ya kurudisha utepe, nikawaandikia kwamba nafasi nimeipata. Jibu likaja siku ya pili: chumba cha wageni kiko tayari, kinatazama theluji, na godoro ni lile lile.

Ijumaa nilikwenda kumwonesha Ami barua kwake Mabela. Sasa ana wajukuu wa kumfungia mizigo na hawaridhii hata mmoja. Akaisoma akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Utalala huko?"

"Inshallah. Wiki tatu."

"Waambie likibonyea upande wa kulia ni Koya, si mimi." Akanirudishia barua, akainuka, akaingia ndani, akarudi na katoni ndogo aliyokwisha ifunga, tepu imenyooka, imeandikwa juu kwa mkono wake. Nikaitikisa sikioni. Kitu cha bati, na kitu kinachochakacha kama karafuu.

"Birika wanalo, Ami."

"Wao wanalo. Wewe je? Beba. Ukifika, fungua kwanza."